Kiti cha Umm Munir

Muhanna hakuwahi kutia mguu Uhispania, wala hakutamani. Lakini mkewe alikuwa na kiti huko.

Kiti cha plastiki, rangi ya tofali, katika uwanja wa mpira wa mji mdogo uitwao Montesal. Mgongoni mwake kimepigiliwa kibao, na juu ya kibao kuna jina. Mke alikufa, kiti kikabaki. Mzee akawa hataki kitu kingine duniani ila kiti kile.

Muhanna ni mtu wa Unguja. Alikuja Dubai miaka ya sabini, kijana, nyuma ya mjomba wake, wakati mtaa wa Satwa una vichochoro vya mchanga na mbuzi wanalala njiani. Kusoma hakusoma. Chuoni alifika juzuu chache, herufi za Kiarabu anazijua, za Kizungu zinampita kama magari ya barabara kuu. Kazi yake, tangu nywele nyeusi hadi hazipo tena, ni kuchinja magari.

Ndivyo wanavyosema katika yadi za Ras Al Khor. Gari likigongwa, au likizeeka, au mwenyewe akalikimbia na deni la benki juu yake, huletwa yadi. Hapo huchinjwa. Muhanna hulizunguka mara moja, mikono nyuma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kisha huanza. Huanza na redio na rimu, maana hizo huuzwa asubuhi hiyohiyo. Hufuata taa, halafu milango, halafu viti. Injini ni ya mwisho. Likibaki bodi tupu, huenda kwa kilo. Kila kipande anakiandikia alama kwa kalamu ya rangi nyeupe, na kila kipande kina mnunuzi wake.

"Gari halifi siku moja," husema. Na hiyo, kwake, ni hotuba. Mzee huyu akisema maneno matatu, mawili ni salamu.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Chumba chao cha Satwa kilikuwa nusu kitanda, nusu vitambaa. Hoteli moja ya Al Barsha ilikuwa ikimpelekea kazi: pazia za kupindwa, sare za wahudumu, mifuko iliyotoboka. Majira fulani ya baridi, hoteli ikaletewa wageni wa Kihispania. Timu ya mpira. Timu za Ulaya hukimbilia huku Januari, baridi ikiwakaza kwao, wakafanye mazoezi kwenye jua. Hii ilikuwa Unión Montesal. Mabegi yao ya jezi yakapotea uwanja wa ndege, na kesho yake wana mchezo wa kirafiki.

Mtunza jezi wao, mzee mwenye masharubu ya kijivu, akaletwa Satwa na gari la hoteli, kakumbatia furushi la fulana tupu. Hajui Kiswahili, hajui Kiarabu. Mama hajui Kihispania. Wakaelewana kwa vidole. Akakata namba kwa kitambaa cheupe, akazishona moja moja, kuanzia moja hadi ishirini na mbili, na yule mzee ameketi mkekani, anakunywa chai ya tangawizi, anampasia uzi. Adhana ya magharibi ikakuta kazi imekwisha. Alipoondoka, mgeni alivua skafu yake shingoni akamwachia.

Kesho yake mchezo ukaonyeshwa katika televisheni ya huku. Muhanna amejilaza, mguu juu ya mguu.

"Ile saba nimeishona mimi," mkewe akasema.

"Ipi?"

"Ile inayokimbia."

Akatazama. Saba ilikimbia, ikaanguka, ikavutwa jezi na beki mmoja mnene, ikainuka.

"Haijafumuka," mkewe akasema, akajipiga kofi la paja. "Umeona? Haijafumuka!"

Basi ikawa hivyo. Wengine hupenda timu kwa mabao, yeye aliipenda kwa uzi. Tangu siku ile, Montesal wakicheza, yeye yumo. Akisikia wamefungwa, husema, "Watoto wangu wamechoka." Na Muhanna, ambaye mpira kwake ulikuwa kelele za vijana, akaanza kuuliza matokeo ili apate la kurudi nalo nyumbani. Kwa mtu asiye na maneno, hiyo ni zawadi kubwa.

Wakati ule Montesal ilikuwa daraja la juu, ikicheza na wakubwa wenyewe. Rais wake alikuwa mwenye kiwanda cha matofali. Uhispania nzima ilikuwa inajenga kama imetiwa wazimu, na mji ule ndio uliokuwa ukichoma matofali. Pesa ilikuwa inamwagika. Wakaleta Wabrazili. Wakajenga jukwaa jipya la mashariki. Wakaenda benki, wakakopa kwa pesa za televisheni za mwaka huu, kisha za mwaka ujao, kisha za mwaka ambao hakuna aliyejua kama watakuwapo daraja hilo. Halafu siku moja watu wakaacha kujenga. Tofali likakosa mnunuzi. Wabrazili hawakulipwa, wakaenda mahakamani. Timu ikashuka daraja, na pesa za televisheni zikashuka nayo, lakini deni, ajabu yake, halikushuka.

Habari hizi Muhanna alikuwa akizipata yadini, kwa Gerishom. Gerishom ni mlinzi wa geti, mtu wa Kakamega, baba wa watoto wanne, mwili kama kabati na mdomo kama redio. Timu yake ni Barsa. Mwenzake Clifford, anayekata bodi kwa gesi, ni Madridi. Wawili hao hawakupatana siku hata moja, na hawakuacha kula sahani moja siku hata moja.

"Mzee," Gerishom humwambia, "hiyo timu yako haiko fiti. Iko ICU."

"Yako je?" hudakia Clifford. "Nyinyi mmeuza pesa za TV za miaka ishirini na tano! Mtoto wako wa mwisho atakuwa na mvi na bado mnakatwa."

"Tumeuza kipande, bwana. Kipande! Na tunacheza. Na tumewafunga."

"Mmeuza hadi vitukuu."

"Mzee, muambie huyu. Club kubwa haifi."

Muhanna aliweka taa ya gari chini, akaifuta vumbi.

"Mkubwa akikopa huitwa mpango," akasema. "Mdogo akikopa huitwa mwizi."

Wakacheka hata Clifford akazima gesi.

Kule Uhispania kuna sheria. Klabu isipolipa mishahara ya wachezaji kabla ya Juni kwisha, huteremshwa daraja, hata kama uwanjani imeshinda. Mwaka mmoja, kabla ya ubishi huo wa Barsa, Montesal ilikuwa haina kitu. Wakawaza, wakawazua, wakaona wauze viti. Mtu yeyote, popote alipo, anunue kiti cha jukwaa la mashariki. Kiti kitabaki palepale, ila jina lake litaandikwa, na pesa zitakwenda kwa wachezaji.

Mama akasikia. Alisikia kwa sababu kila jioni alimuuliza mumewe, na mumewe, ili asirudi mikono mitupu, alimwambia kila kitu.

Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika. Alikuwa ameshaisemea bangili, sonara wa Deira keshampima mkono.

"Bwana," akamwambia, "wale wanangu wanauza viti."

"Nimekwambia mimi."

"Basi mimi nataka kimoja."

"Bangili?"

"Bangili nitaivaa mkono gani, wa uzee huu? Nataka kiti."

"Utakikalia lini?"

"Sitakikalia. Jina litakaa."

Muhanna akamtazama. Hakuona mzaha. Asubuhi akachukua zile pesa za upatu, akazifunga kwenye kitambaa, akaenda nazo kazini.

Clifford ndiye aliyekuwa na simu nzuri na kadi ya benki. Wakakaa juu ya matairi, wanaume watano sita, chai mkononi. Clifford akajaza, akajaza, akainua kichwa.

"Mzee, wanauliza jina. Mama anaitwa nani?"

Muhanna akaweka chai yake chini.

Kwa watu wa zamani wa kwao, mwanamume hamtaji mkewe kwa jina mbele ya wanaume. Husema "nyumbani kwangu". Husema "mama watoto". Kulitaja ni kama kumtoa barazani bila buibui. Miaka yote Muhanna alikuwa katika yadi ile, na hakuna aliyelijua jina lile, na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Mzee?"

"Andika Umm Munir."

"Munir ni nani?" akauliza Gerishom, ambaye alijua mzee hana watoto.

Muhanna alisimama, akaenda kufungua mlango wa gari uliokwisha kufunguliwa.

Munir alikuwapo. Alizaliwa Satwa, chumbani, kwa mkono wa mkunga, wakati babake mwenyewe hana hati yoyote ila neno la mjomba. Alianza kukaa, akaanza kushika masikio ya watu, homa ikamchukua. Hawakupata mwengine. Lakini jina lilibaki kwa mamake. Majirani walimwita Umm Munir, yaani mama Munir, muuza samaki alimwita Umm Munir, na yeye aliitika kila mara kama mtu aliyeshikwa bega na mwanawe.

Jioni Muhanna akamweleza walichoandika. Alidhani atakasirika.

"Si mimi huyo?" mkewe akasema. "Au una Umm Munir mwengine?" Akavuta uzi kwenye sindano. "Umefanya vizuri. Tutakaa wawili."

Baadaye picha ilikuja kwenye simu ya Clifford. Wakaiazima siku moja ya Ijumaa. Kiti rangi ya tofali, kibao cheupe, safu ya kumi na moja. Mama aliweka kidole juu ya kioo na picha ikakimbia, akashtuka, wakairudisha. Akaitazama sana. Simu ile baadaye iliingia maji, na picha ikaenda nayo.

Montesal ikapona kiangazi kile. Ikaumwa tena. Muhanna alikuwa akizifuata habari zake kama anavyofuata gari kwenye yadi. Mwaka mmoja wakauza golikipa: hiyo ni redio. Mwaka mwengine wakauza kituo cha mazoezi: hiyo ni milango. Wakashuka daraja la tatu, kisha la nne. Watoto wa chuo cha mpira wakauzwa kabla hawajaota ndevu. Jengo la ofisi likachukuliwa na benki. Mzee alijua kilichobaki ni kipi. Hakukisema nyumbani.

Halafu akatokea mwokozi. Na mwokozi, Gerishom akasoma kwa sauti hadi mate yakamruka, alikuwa wa Dubai.

"Mzee! Mtu wa huku huku! Tajiri! Anainunua Montesal nzima, analipa madeni, anajenga uwanja upya. Ona, wazungu wamevaa vilemba!"

Kweli. Watu wa mji ule wa matofali walikuwa wametoka barabarani, wamejifunga vitambaa vya meza vichwani kama maghutra ya Waarabu, wanaimba.

Wakati huo mkewe alikuwa ameshaanza kuumwa. Mafigo. Alikuwa akirudi kutoka kusafishwa damu amekauka kama kitambaa kilichokamuliwa. Habari ile ilimketisha kitandani.

"Wa huku kwetu?" akauliza. "Basi hatowaacha. Bwana, hebu nenda kamuone mtu huyo. Mwambie kuna watu wake hapa Satwa."

Muhanna akaenda. Ofisi, kwa habari ya Gerishom, ilikuwa Al Barsha, nyuma ya duka kubwa. Alivaa kanzu ya sikukuu. Akaonyeshwa ghorofa, akaonyeshwa mlango. Ndani palikuwa na meza nyingi ndogo zilizopangwa safu, kila moja imekodiwa na kampuni yake. Akaonyeshwa meza ya tajiri. Juu yake palikuwa na chaja ya simu isiyo na simu, na ua la plastiki. Binti wa mapokezi alimwambia bwana huyo hakuonekana tangu kabla ya Ramadhani, na kama mzee ni jamaa yake, kuna kodi ya meza.

Alishuka kwa ngazi, hakungoja lifti. Alijua. Huko Montesal bado walikuwa wanaimba.

"Umemuona?" mkewe akamuuliza.

"Nimemuona."

"Mtu mzuri?"

"Mtu mzuri."

Akalala. Wiki ile ile akafa, na kwake yeye kiti kipo salama.

Akazikwa Al Quoz. Wanaume wakamshusha, Gerishom na Clifford wakiwa wamesimama mbali nje ya ukuta, kofia mkononi, maana si dini yao. Kaburi likawekwa jiwe, kama ada ya huku: jiwe tupu, halina jina. Muhanna hakuona vibaya. Dini imemfundisha kwamba Mwenyezi Mungu hahitaji kusoma kibao. Ila mwaka uliofuata, mvua kubwa ile ya mafuriko ilipopita na mchanga ukahama, alikwenda akakuta mawe matatu yamekaribiana, yote mamoja, na hakujua yupi ni yupi. Akawasalimia wote watatu. Akarudi nyumbani.

Ndipo alipoanza kukifikiria kiti. Cherehani alikuwa ameigawa. Nguo alizigawa, kama ilivyo desturi. Picha yake haikuwapo, hakupenda kupigwa. Jina lake halikuandikwa popote duniani palipobaki wazi kwa jua, ila kule, kwenye mji ambao hakuna aliyemjua, juu ya plastiki. Usiku asipopata usingizi alikuwa akikiona: safu ya kumi na moja, mvua inakinyea, jua linakianika, hakuna anayekikalia, na kipo.

Asubuhi moja mwaka huu, Gerishom hakumsalimia kwa kelele. Alikuja na kiti chake cha getini akakiweka karibu, akakaa.

"Mzee. Pole."

Muhanna akangoja.

"Montesal. Jaji ameifunga. Si kushuka daraja. Wameifuta. Khalas."

"Uwanja?"

"Umeuzwa. Watajenga maghorofa."

Gari halifi siku moja, lakini ipo siku bodi huenda kwa kilo. Muhanna akauliza jambo moja tu.

"Viti?"

Gerishom akasoma, akasoma tena. Akasema kuna mtu aliyewekwa na mahakama kuifilisi klabu. Mtu huyo ametangaza kwamba wenye viti waandike kabla jukwaa halijavunjwa, na kila mmoja atapewa chake. Vilivyobaki vitasagwa pamoja na zege.

"Andika," akasema Muhanna.

Hakuna aliyewahi kumuona vile. Alikuwa akiacha spana chini kila baada ya muda, anakwenda getini. "Wamejibu?" Hata arbab, bosi wao Maan, kijana wa mwenye yadi wa kwanza, aliliona. Aliposikia habari alisema wakati wa kukisafirisha ukifika, kiti kitaingia kwenye kontena lake la spea kutoka Valensia hadi Jebel Ali, bila gharama. "Ammi Muhanna hajaniomba kitu tangu nizaliwe," alisema. "Yalla, kileteni."

Mzee akaanza kupima ukuta wa chumba kwa shubiri, upande ilipokuwa cherehani. Akanunua vyuma viwili vya kukitundikia.

Jibu likaja. Lilikuwa la adabu. Lilitaka kitambulisho cha mwenye jina lililo juu ya kiti, na kama amekufa, cheti cha kifo.

Cheti kilikuwapo. Muhanna akakileta ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko mwengine. Gerishom akakikunjua juu ya boneti la gari, akakipiga picha. Kisha, kama mtu asiyejua anachokishika, akakisoma kwa sauti.

"Ghania…" akasema. "Ghania binti… Kumbe mama aliitwa Ghania! Jina zuri, Mzee."

Muhanna aliinama kama aliyepigwa mgongoni. Jina lile halikuwahi kutajwa pale. Clifford akampiga Gerishom teke la kifundo, na Gerishom hakuelewa, lakini alikikunja cheti.

Wakapeleka. Jibu la pili halikuchelewa. Gerishom alilisoma, akaifunika simu juu ya goti.

"Sema."

"Mzee, wanasema jina la kwenye cheti ni Ghania. Na kwenye kiti ni Umm Munir. Wanasema ni watu wawili."

"Waambie ni mmoja."

"Nimewaambia. Niliandika tangu mwanzo. Wanataka karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya kuzaliwa ya Munir. Yenye jina la mama."

Upepo wa Ras Al Khor ulikuwa unavuma na vumbi la kutu. Mahali fulani grenda ililia, ikaacha.

"Munir hana karatasi," akasema Muhanna.

"Hata ya kliniki? Hata ya kifo?"

"Alikuwa mdogo."

Maan alijaribu. Aliandika barua kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, akapiga muhuri wa yadi, akaeleza kwamba kwa Waarabu na watu wa pwani mwanamke huitwa kwa mwanawe, na kwamba hilo ni jina la heshima. Kule wakajibu kwamba wanaheshimu mila zote. Wakajibu kwamba wenye viti ni wengi na wanaogombana ni wengi, na wao wamefungwa na sheria. Mtu anayeitwa Umm Munir, walisema, hajathibitishwa kuwa aliishi.

Gerishom hakutaka kuifasiri sentensi ile. Muhanna akamshika mkono hadi akaifasiri.

"Jina lake ningelisema tu," mzee akasema baadaye, peke yake, akiwa ameshika bampa. Clifford aliyasikia maneno hayo, akawasha gesi. La kuvunda halina ubani.

Siku ya kuvunja jukwaa ilifika. Hawakuijua. Waliijua kwa sababu mtu mmoja wa Montesal, kijana mwenye skafu, aliipiga video akaiweka mtandaoni, na Gerishom akaikuta wakati wa chakula. Alifikiria aifiche. Kisha akaona si haki yake.

Wakakusanyika kwenye kivuli cha gari la kubeba magari. Simu ikaegemezwa kwenye bilauri. Jukwaa la mashariki lilikuwa limesimama, viti vyake vimepauka, baadhi vina vibao. Wachache waliopata karatasi zao walikuwa wakishuka ngazi, kila mmoja na kiti chake mgongoni kama mtoto. Mwanamke mmoja alikuwa akilia waziwazi. Kijana aliyepiga picha alitembea na safu, akionyesha vibao kimoja kimoja, kabla mashine haijafika.

"Soma," akasema Muhanna.

"José… Carmen… Familia… hiki kimefutika. Antonio. Hii ni safu ya tisa, Mzee."

"Soma."

"Safu ya kumi. Luis. Pilar. Babu Fulani na wajukuu."

Nyuma kukasikika ngurumo. Picha ikayumba. Mtu akapiga kelele kwa Kihispania, na ardhi ikaonekana, na kiatu, na mbingu kidogo. Kisha ikakatika.

"Imeishia hapo," akasema Gerishom.

"Irudishe."

Akairudisha. Ngazi, watu, viti mgongoni. José. Carmen. Safu ya tisa. Safu ya kumi. Kiatu. Mbingu.

"Irudishe."

Clifford akasimama akaondoka. Gerishom akairudisha, na safari hii hakusoma. Ikakatika palepale.

Baada ya hapo hakuna aliyekula. Sahani ya wali ikaachiwa paka wa yadi. Gerishom alizunguka, akazunguka, akarudi na kalamu ya rangi nyeupe, ile ya kuwekea alama spea.

"Mzee, nisikilize," akasema. "Hao watu wa makaratasi waende zao. Wewe unajua herufi za Kiarabu. Liandike mwenyewe. Hapa hapa. Jina lake kamili. Mahali popote unapotaka, Clifford atapulizia vanishi, halitafutika. Sisi tutaligeuzia mgongo, kama hutaki tulione."

Na kweli wote wakageuka, kila mtu mzima na mwili wake, wakatazama ukuta wa bati.

Muhanna akaivua kalamu kifuniko. Herufi alizijua. Ghaini yenye nukta yake juu. Nuni. Ilikuwa miaka mingi mkono wake haujaandika kitu ila namba za magari, lakini hizo alizijua.

Akatazama pa kuandika. Mlango wa Patrol, umesimamishwa ukutani: mteja wake anakuja Alhamisi. Boneti lililokunjuliwa cheti juu yake: lilishalipiwa. Viti vya Land Cruiser, ngozi nzuri, vimepangwa kama watu wanaongoja daktari: vinakwenda Mombasa. Ukuta wenyewe ni wa bati la kukodi, na baladia, halmashauri ya jiji, ilikwisha kuutia alama nyekundu, maana yadi za safu hii zitahamishwa. Akafikiria chumba cha Satwa. Jirani zake watatu walikwisha kupewa notisi. Akafikiria Al Quoz, na yale mawe matatu.

Aliizunguka yadi yote, mikono nyuma, polepole, kama anavyozunguka gari lililoletwa asubuhi. Akafika getini, akarudi.

Pale hapakuwa na kitu kisichouzwa.

"Tayari, Mzee?" Gerishom akauliza, bado ameupa uso ukuta.

Rangi ilikuwa imeanza kukauka kwenye ncha. Muhanna akairudishia kalamu kifuniko, akaikaza, akaitia mfuko wa kifuani. Kulikuwa na Nissan iliyoletwa jana, imevunjika taa moja. Akaenda akaanza na redio.